Je, Asiyelazwa Haumwi?



Mwezi uliopita tulimzika mama mmoja mzee wa huko Ulaya. Wageni wasishtuke: sisemi Ulaya ya Wazungu, bali Ulaya yetu, iliyo kwenye barabara itokayo Mikumi kwenda Kilosa. Baada ya maziko katekista alifungua kitabu cha maziko akauliza, kama ilivyo desturi, marehemu alikufa kwa ugonjwa gani. Watu wakatazamana. Mjomba wa watoto, yaani kaka wa marehemu, ndiye aliyejibu. Alisema dada yake alianguka ghafla alfajiri akitoka uani, mkono na mguu wa kuume vikawa havina nguvu, ulimi ukawa mzito, na siku ya tatu akafariki. Binti wa marehemu akaongeza kwamba kwa muda wa miaka miwili mama yake alikuwa akilalamika kuwa moyo unarukaruka kama kuku aliyefungwa miguu. Katekista alifikiri kidogo, kisha akaandika neno moja tu: Presha.

Siandiki haya ili nimlaumu katekista. Yeye aliandika alichokiweza, na pengine presha kweli ilikuwamo. Lakini neno lile lilinikaa rohoni, kwa sababu ambayo nitaieleza mbele, ingawa si sababu ya kujivunia.

Jioni ile tulikuwa tumekaa barazani, na kijana mmoja wa ukoo ule, asomaye udaktari mjini, akaja kunisalimu. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Kwa kuwa alijua kwamba nilifanya kazi ya uganga msaidizi katika zahanati kwa miaka mingi, alianza kunieleza habari za masomo yake. Akasema kwamba huko Marekani, mwaka 1985, waliolazwa hospitali kwa sababu ya ugonjwa mmoja wa mapigo ya moyo yasiyo na mpango walikuwa 154,086. Mwaka 1999 walikuwa 376,487. Miaka 14 tu, na hesabu imepita mara mbili. "Lakini huku kwetu, babu," akasema, "ugonjwa huu ni haba. Ukipekua vitabu vya wodi huuoni." Mama mmoja aliyekuwa akipepeta mchele pembeni aliposikia hivyo akasema, "Basi sisi Mungu ametuepusha."

Nami sikujibu kitu. Lakini nimelala na kuamka na maneno yale. Je, ni kweli tumeepushwa? Au tumeepuka tu kuandikwa?

Kwanza yatupasa kuuelewa ugonjwa wenyewe. Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini. Kwa mtu mzima mwenye afya, akiwa ametulia, moyo hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, kwa mwendo wa sawasawa, kama akina mama wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa kupokezana. Amri ya kupiga huanza katika vyumba vya juu, kwa nguvu ndogo ya umeme, kisha hushuka chini. Sasa katika ugonjwa huu vyumba vya juu huacha kupiga sawasawa, vikawa vinatetemeka tu, na vyumba vya chini hupokea amri ovyo ovyo. Ukimshika mgonjwa mkono, pale kwenye mshipa ulio chini ya kidole gumba, utasikia watwangaji wamepotezana: mapigo mawili ya haraka, kimya, moja zito, matatu mepesi, kimya tena. Hakuna wimbo unaoweza kuufuata.

Wapo wanaosikia moyo unaruka, wapo wanaochoka na kukosa pumzi, na wapo wasiosikia lolote. Hatari yenyewe ni hii: damu katika vyumba vile vinavyotetemeka hutuama, na damu iliyotuama huganda. Kipande cha donge kikikatika kikapanda kichwani, huziba mshipa wa ubongo, na hicho ndicho kiharusi. Mwenye moyo wa namna hii yumo katika hatari ya kiharusi karibu mara 5 kuliko mwenzake. Uzee huuleta ugonjwa huu, presha ya muda mrefu huuleta, pombe nyingi huuleta, hata tezi la shingoni likizidi kazi yake huuleta. Na katika nchi kama zetu iko sababu nyingine iliyosahauliwa huko ng'ambo, nayo ni homa ya baridi yabisi. Mtoto huumwa koo, koo lenyewe halitibiwi kwa penisilini, na baada ya wiki chache viungo vinavimba na kuuma. Viungo hupona, lakini milango ya moyo hubaki na makovu. Binti huyo hukua, huolewa, huchukua mimba, na ndipo moyo wenye makovu unapolemewa.

Turudi kwenye hesabu. Hesabu ya waliolazwa ni hesabu ya nini hasa? Watu wengi huidhania kuwa ni hesabu ya wagonjwa. Sivyo. Ni hesabu ya wagonjwa waliomaliza safari.

Nisindikizeni katika safari hiyo, tuanzie pale Ulaya kwetu. Mama anasikia moyo unaruka. Kwanza lazima aamini kuwa huo ni ugonjwa, wala si uchovu wa shamba, wala si jicho la jirani. Kisha lazima amwambie mtu, na mtu huyo asimwambie kwamba uzee ndio huo. Kisha fedha zipatikane, naye apande pikipiki, na kama ni masika pikipiki iweze kupita. Akifika zahanati, lazima akute mtu atakayemshika mkono kwa dakika nzima. (Hapa naomba radhi kwa wenzangu wa kazi, lakini tangu zije mashine za presha zinazoandika namba zenyewe, wengi wetu tumeacha kushika mikono ya watu. Mashine hutoa namba ya mapigo, nasi twainakili kitabuni. Namba ile haituambii kama watwangaji wamepotezana.) Halafu lazima apelekwe hospitali, iwe ile ya serikali mjini Kilosa, au St. Kizito ya Wakatoliki pale Mikumi, au Berega ya dayosisi yetu ya Morogoro. Huko apimwe umeme wa moyo, na awepo wa kuisoma karatasi ile. Kitanda kiwepo. Na mwisho kabisa, baada ya yote hayo, yule anayejaza kitabu cha wodi aandike ugonjwa kwa jina lake, asiandike "moyo" tu, au "presha", au "kiharusi".

Ndugu zangu, katika kila kituo cha safari hiyo kuna watu wanaoshuka. Mwenye kuhesabu amekaa kituo cha mwisho, anaona basi linafika na abiria wawili, anaandika: leo wamesafiri wawili.

Huko Marekani safari ni hiyo hiyo, ila barabara yake imetengenezwa. Kati ya mwaka 1985 na 1999 wazee waliongezeka, ni kweli, na wengi waliokuwa wakifa kwa kuziba kwa mishipa ya moyo walianza kupona na kubaki na mioyo dhaifu. Hapo ugonjwa wenyewe uliongezeka. Lakini pia vipimo viliongezeka, na madaktari walizidi kuutafuta. Basi sehemu ya lile ongezeko ni maradhi, na sehemu nyingine ni macho. Namba ikipanda, mtu wa haraka husema taifa lile linaoza. Anayetafakari huuliza kwanza kama taifa lile halikuanza tu kuwaona watu wake.

Mashine yenyewe ya kupima umeme wa moyo ina historia ya namna hiyo. Ilibuniwa na Mholanzi mmoja, Willem Einthoven, katika mji wa Leiden, mwanzoni mwa karne iliyopita, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mashine ile ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo karibu 270, na ilihitaji watu 5 kuiendesha. Ni wazi kwamba wakati huo moyo mbovu ulionekana kwa wale tu waliokuwa karibu na mashine. Leo ipo inayoingia mfukoni. Hata hivyo bado ni lazima awepo mtu wa kuileta kijijini.

Lakini kabla ya mashine kuenea alikuwapo daktari mmoja Mskoti, James Mackenzie, ambaye habari zake hunipendeza kuliko za wakubwa wengi. Alikuwa mganga wa kawaida katika mji wa viwanda uitwao Burnley, Uingereza, akitibu watu wa viwandani kwa miaka mingi, na kwa chombo kidogo alichokitengeneza alikuwa akichora mapigo ya mishipa ya wagonjwa wake. Aliyafuata mapigo yale yaliyokosa mpango kwa miaka, kwa watu wale wale, akijua nani aliishi na nani alikufa. Baadaye alikwenda London akawa bingwa mwenye sifa. Kisha, akiwa katika kilele cha sifa hiyo, aliiacha London akahamia mji mdogo wa St Andrews, na mwaka 1919 akafungua huko kituo cha kuchunguza magonjwa. Sababu yake ilikuwa kwamba hospitali kubwa huona mwisho wa ugonjwa tu. Mwanzo wake uko nyumbani kwa watu, nao huonwa na yule anayeishi nao. Wakubwa wa London walimshangaa. Mimi nadhani angekuja Ulaya yetu angeelewa mambo haraka.

Sasa niseme kwa haki: yule kijana hakuwa amebuni maneno yake. Waganga walikwenda wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakapita vijijini wakiwapima wazee, wala hawakungoja hospitalini. Katika taarifa yao ya mwaka 2012 walieleza kwamba kati ya wazee 2,232 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, waliokutwa na ugonjwa huu ni 15 tu. Hao hawafiki hata mmoja katika kila mia. Huko Ulaya ya Wazungu na Marekani, kati ya waliopita miaka 80, karibu mmoja katika kila kumi anao. Kazi ile ilikuwa nzuri, na ilifanywa kwa kuwafuata watu walipo, basi yatupasa kuipokea. Inawezekana kweli kwamba wazee wetu wanaolima na kutembea wana nafuu ya namna fulani.

Lakini nawaombeni tusiondoke hapo upesi. Mwenye kuhesabu wazee huhesabu wale waliofikia uzee. Ni kama mtu atakayesimama ng'ambo ya mto Mkondoa baada ya mafuriko akahesabu waliovuka, kisha aseme maji hayakuwa mengi kwa sababu wote aliowaona ni wazima. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili waliwahi kufuatwa wagonjwa 427 wa moyo ulioshindwa kazi, na habari zao zikatolewa mwaka 2014. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Huko kwa wenzetu ugonjwa huo ni wa watu wa miaka sabini na zaidi. Wetu huanguka wakiwa bado na watoto wa kusomesha. Yule binti mwenye makovu kwenye milango ya moyo hafiki miaka 70 ili akahesabiwe na wageni wa Hai. Na jambo jingine: katika wazee wale wale wa Hai, karibu 7 katika kila 10 walikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakuwa na habari. Presha ndiyo shamba ambamo ugonjwa huu huota.

Iko hesabu nyingine, nayo iligusa mkoa wetu. Kuanzia mwaka 1992 palikuwa na mradi wa kuchunguza vifo vya watu wazima katika sehemu tatu: Dar es Salaam, Hai, na Morogoro Vijijini, majirani zetu hapa. Mradi ule haukuuliza ni nani alilazwa. Watu walihesabiwa majumbani mwao, jumla yao 307,820, na mtu alipofariki aliulizwa aliyemwuguza: alianzaje, aliumwa wapi, ulimi ulikuwaje, upande gani ulikufa ganzi. Yaani walifanya kile alichokifanya katekista wetu, ila walikaa kitako wakasikiliza mpaka mwisho. Na waliposikiliza, waliona kitu ambacho vitabu vya wodi havikukionyesha. Kwa wanaume wa Morogoro Vijijini, wenye umri wa miaka 15 hadi 64, waliokufa kwa kiharusi walikuwa 35 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam walikuwa 65. Uingereza na Wales wakati ule ule hawakufika 11. Kwa wanawake wetu wa Morogoro walikuwa 27, na huko Uingereza hawakufika 9.

Nisieleweke vibaya. Sisemi vifo vile vyote vilitokana na mapigo yasiyo na mpango. Kwa sehemu kubwa chanzo ni presha, na kiharusi kina njia nyingi. Ninachosema ni kwamba sisi tuliodhaniwa kuepushwa tulikuwa tukifa mara tatu zaidi ya wenzetu kwa lile lile ambalo ugonjwa huu huleta, na hapakuwa na kitanda kilichoweza kutoa ushahidi.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Miaka miwili iliyopita, siku ya sikukuu ya mavuno, mama yule tuliyemzika alikuwa amekaa chini ya mwembe baada ya ibada. Alisema amechoka. Kwa mazoea ya kazi ya zamani nikamshika mkono. Nikahesabu dakika nzima. Watwangaji walikuwa wamepotezana kabisa. Nimeyashika mapigo ya namna ile mara nyingi katika maisha yangu. Sikuhitaji karatasi ya umeme kujua.

Nikaanza kupiga hesabu kichwani. Nauli ya kwenda Morogoro, na ya mtu wa kumsindikiza. Kulala. Kipimo. Na kama ni kweli, atapewa warfarini, dawa izuiayo damu kugandamana. Dawa njema, inayoweza kuondoa karibu theluthi mbili za hatari ya kiharusi, lakini ni dawa kali, maana ikizidi mtu huvuja damu, na kwa hiyo damu yake lazima ipimwe mara kwa mara kwa muda wote atakaoitumia. Ziko dawa mpya zisizohitaji kupimwa hivyo, ila bei yake ni nyingine, na kwa wale ambao milango ya moyo imebanwa na homa ya baridi yabisi utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba warfarini bado ndiyo bora. Nikamwona mwanawe mkata miwa. Nikaona nitamtia hofu bure. Nikamwambia, "Pumzika, dada yangu, ni uchovu wa mavuno."

Akanishukuru.

Zamani, mwenzangu mmoja wa zahanati, mtu mwenye huruma sana, alikuwa na msemo wake: usimwonyeshe mtu shimo kama huna kamba. Kwa miaka mingi niliuona msemo huo kuwa hekima. Maana ni ukatili wa kweli kumpa mtu jina la ugonjwa na kumrudisha nyumbani nalo bila dawa. Jina hilo litalala naye kitandani, litakula naye. Wako pia waliotufanyia hivyo kwa njia ya kitaaluma: walikuja, wakapima, wakaandika, wakaondoka, na aliyepimwa hakuambiwa hata matokeo yake. Kuhesabu kwa namna hiyo ni kuchuma shamba la mtu bila kumpa hata gunzi. Basi hoja ya mwenzangu si ya kudharauliwa.

Lakini nimeichunguza tangu siku ile ya maziko, na naona ina tundu. Asiyeonyeshwa shimo hana njia ya kulipita kando. Mama yule alikuwa na mbuzi watano. Alikuwa na kaka yake, ambaye katika mila zetu hawezi kuketi tu akisikia dada yake anaumwa. Alikuwa na mtoto mwingine Dar es Salaam, mji ambao tangu mwaka 2015 una Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Alikuwa na kanisa lililowahi kuchangia bati za nyumba ya mchungaji. Mimi nilimhesabia nauli bila kumwuliza mfuko wake una nini. Na hata kama asingeweza kufika kokote, yapo madogo ambayo hayakuhitaji Dar es Salaam: presha yake kupimwa na kumezewa vidonge kila siku, vidonge vya kawaida, chumvi kupunguzwa, digoksini ya kuutuliza mwendo wa moyo. Na kama yote yangeshindikana, angekuwa na haki ya kujua kwamba huenda muda wake ni mfupi, akagawa shamba lake kwa kinywa chake mwenyewe, badala ya watoto kugombana kama wanavyogombana sasa.

Sisemi angepona. Hilo silijui. Nasema kwamba uamuzi ulikuwa wake, nami nikauchukua, na nikauita huruma.

Tena kuna jambo la pili, nalo lamhusu mtu zaidi ya yule mama. Dawa katika vituo vyetu huagizwa kwa kutazama zilizotumika miezi iliyopita. Kituo kisichoandika mgonjwa hakitumii dawa, kisichotumia dawa hakiagizi, kisichoagiza hakina, na mgonjwa anayefuata akija, mganga mwenye huruma anamtazama, anakumbuka kuwa dawa hakuna, anamwambia ni uchovu. Hivyo sifuri huzaa sifuri, na kila mmoja katika mnyororo huo ni mtu mwema. Nilipomficha mama yule ugonjwa wake, niliwaficha na wote watakaoumwa baada yake.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 5, yuko mtu aliyelala kando ya birika kwa miaka 38 katika ugonjwa wake kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumtia majini. Nimefikiri: kama pangekuwa na karani pale birikani akiandika wanaopona, mtu yule asingeonekana katika vitabu vyake hata mara moja. Na karani angeweza kutoa taarifa njema kabisa.

Wako watakaoniuliza, Je, basi kila mtu ashikwe mkono na kutangaziwa maradhi? Hapana. Kuna namna ya kusema. Mtu huulizwa kwanza kama anataka kujua, na nani akae naye akiambiwa. Lakini kuulizwa huko ndiko nilikomnyima yule mama. Na katika huduma ya kutembelea wagonjwa, akina mama wa Umoja wetu hufika mahali ambapo mganga hafiki kwa mwaka mzima. Kushika mkono kwa dakika moja hakuhitaji shahada. Anayesikia mapigo yasiyofuatana hana haja ya kuutaja ugonjwa. Anamsindikiza mtu zahanati na kuomba apimwe, na anahakikisha kimeandikwa kitu. Na mtoto mwenye koo linalouma na homa asipewe majani tu akaachwa. Hayo nimeyazungumza na mchungaji, naye amekubali pia kwamba katika kitabu cha maziko tuandike maneno ya mwuguzaji yalivyo, hata yakijaza mistari minne. Katekista amelalamika kidogo kwamba kitabu kitaisha mapema.

Kwa binti wa marehemu nimekwenda. Nilimweleza yote, kuanzia chini ya mwembe. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema mama yake alirudi nyumbani siku ile akifurahi kwamba mganga amesema ni uchovu, na kesho yake akaenda kupalilia. Hakuniambia kwamba amenisamehe, na mimi sikuomba.

Juma lililopita nilikuwa upande wa Kidodi kwa shughuli nyingine, nikasalimiana na mzee mmoja tunayefahamiana tangu ujana. Mkono wake ukabaki mkononi mwangu kidogo kuliko kawaida. Nikamwuliza kama angependa nimwambie ninachokisikia. Akasema niseme. Nikasema. Alitazama mashamba ya miwa kwa muda, kisha akaniuliza siku hizi nauli ya kwenda Morogoro imefika kiasi gani. Nikamtajia. Akasema atazungumza na mwanawe jioni.